Nkambo alizaliwa wapi

Mjomba alikuwa ameweka daftari juu ya goti, kalamu mkononi. Ilikuwa usiku wa pili wa kilio, uani kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na makala yalikuwa yameanza kufifia. Kesho yake asubuhi wasifu wa nkambo, yaani bibi yetu, ungesomwa makaburini, na mjomba hakuwa amevuka mstari wa pili. Mstari wa kwanza ni jina. Mstari wa pili ni mahali alipozaliwa.

«Ku Lufira,» akasema mdogo wake, akitaja mto.

«Hapana, ni kule ku mulima, pa njia,» akajibu mwingine. «Miye nilifikaka pale na mama.»

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimemfunika mabega. Akasema bila kupandisha sauti: «Ile mugini iko chini ya mayi.»

Mjomba akawatazama wote watatu. Akangoja kidogo. Kisha akaandika: Likasi.

Ikasomwa hivyo hivyo mbele ya kaburi, na ikapakwa hivyo hivyo kwenye msalaba wa mbao. Hakuna aliyesahihisha. Likasi ni karibu, Likasi kila mtu anaijua, na saa ya kuzika si saa ya kubishana.

Lakini nkambo hakuzaliwa Likasi. Hata jina lenyewe, mwaka ule wa kuzaliwa kwake, makaratasi ya mji yaliandika Jadotville.

Nilikaa na jambo hili wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tatu. Nilikuwa nikila bukari, ugali wetu, naliwaza. Mama wa mama yangu alituambia habari za dunia nzima, akatufundisha majina ya majani yote ya porini, na sisi tukamzika chini ya jina la mji wa watu wengine.

Sanduku la bati

Tulipogawa vitu vyake, mimi niliomba makaratasi. Hakuna aliyeyataka. Yalikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, yamefungwa kwa kamba ya raba iliyokauka ikakatika nilipoigusa.

Palikuwa na buku ya kazi ya nkambo mwanamume, ile ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Ukurasa wa kwanza una mistari iliyochapwa, na karani ameijaza kwa wino wa bluu: kijiji, chefferie (eneo la chifu), territoire (wilaya). Palikuwa na kadi ya ubatizo ya nkambo mwenyewe. Jina la kijiji ni moja kwenye karatasi zote mbili, ila herufi zinatofautiana.

Jina hilo sitaliandika hapa. Wazee wa ukoo hawajakubaliana liwekwe hadharani, na ni haki yao.

Nikalitafuta kwenye ramani ya simu. Hakuna. Nikalitafuta kwa R, nikalitafuta kwa L. Nikaandika Ch, nikaandika Tsh kama Wabelgiji walivyopenda. Nikaweka Mu badala ya Mwa. Hakuna. Ramani ya simu inajua duka la mkate lililofunguliwa mwaka jana Kamalondo, lakini huko Lufira imeacha eneo kubwa la kijani lisilo na neno.

Shaka ikaanza kuniingia. Labda karani alisikia vibaya. Labda nkambo mwanamume alitaja jina la kwanza lililomjia mdomoni, siku ile ya kupanga foleni mbele ya ofisi ya waajiri, kwa kuogopa kutaja la kweli. Watu walikuwa na sababu za kuficha kwao. Kodi ya kichwa ilifuata kijiji, na kazi ya lazima ilifuata kijiji.

Karatasi kutoka Tervuren

Binamu yangu anasoma Ubelgiji. Nilimwomba, akapata siku moja ya kwenda Tervuren, kwenye Makumbusho ya Afrika ya Kati, ambako kuna akiba kubwa ya ramani za Kongo. Akanitumia picha za karatasi za Comité Spécial du Katanga, kipimo cha 1:200 000, za kabla ya mwaka 1930.

Comité hiyo ilianzishwa mwaka 1900 na ndiyo iliyotawala ardhi ya Katanga kwa miaka yake ya mwanzo. Ilihitaji kujua mambo mawili: shaba iko wapi, na mikono ya kuichimba iko wapi. Ramani zake zinajibu maswali hayo mawili. Hazikuchorwa kwa ajili ya wajukuu.

Nilizifungua usiku, umeme uliporudi. Nitakuambia nilichokiona, kwa sababu picha ile bado iko mbele ya macho yangu.

Karatasi ni ya rangi ya chai. Mito imechorwa kwa bluu iliyofifia, na Lufira inapita katikati ikielekea kaskazini. Mito mikubwa ina mstari kamili. Vijito vingi vina mstari mzuri pale vinapoingia mtoni, halafu mstari unakatika vipande vipande, kisha unapotea. Nilikaa muda kabla ya kuelewa. Mpimaji alipita njia moja, akakiona kijito pale alipokivuka, na kule kinakotoka alikisia tu. Vile vipande ni uaminifu wake. Anakiri kwamba hapo hakufika.

Na vijiji ni nukta ndogo nyeusi, kila nukta na jina pembeni.

Nikatembeza kidole. Jina likatokea.

Upande wa mashariki, kuelekea mto Luapula, limeandikwa sawasawa na kadi ya ubatizo, herufi kwa herufi. Nilipiga kelele, mke wangu akaamka. Usiku ule ule nikatuma picha kwenye kikundi cha familia: nimepakuta kwetu.

«Ile ni ya muntu mwingine»

Dada mdogo wa nkambo bado yuko hai. Anakaa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, macho yamepungua, masikio ni mazima kabisa. Jumapili nikamchukulia sukari na sabuni, nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikamsomea majina yaliyozunguka nukta yangu, moja moja.

Akatikisa kichwa.

«Mwanangu, ile ni ya muntu mwingine.»

«Lakini nkambo, jina ni lile lile.»

«Jina ni ya chifu. Machifu ba jina ile balikuwa bengi. Weye sema mito.»

Sikuwa na mito ya kusema. Nilikuwa nimesoma majina ya vijiji tu.

Hapo ndipo utafiti wangu ulipogeuka, na nataka nilieleze vizuri, kwa sababu najua kuna wasomaji wa hapa wanaotafuta kama mimi. Katika sehemu nyingi za Katanga ya kusini kijiji kiliitwa kwa jina la mkubwa wake. Unakwenda kwa fulani. Fulani akifa, mrithi akilichukua jina lake, jina la kijiji linaendelea. Asipolichukua, kijiji kinabadilika jina na watu ni wale wale. Udongo ukichoka, kijiji kinahama na jina lake mgongoni. Serikali nayo ilihamisha watu: ikawavuta barabarani wahesabiwe kwa urahisi, na sehemu nyingine ikawaondoa kandokando ya maji kwa ajili ya malale, kama walivyofanya Waingereza ng'ambo ya Luapula miaka ya karibu na 1910. Dekreti ya Mei 1910 ilitaka kila mtu awe chini ya chifu anayetambuliwa, na tangu hapo karani alikuwa na safu ya kujaza, hata kama mtu mwenyewe alihama jana.

Kwa hiyo nukta kwenye ramani ni picha ya siku moja. Mwaka unaofuata nukta inaweza kuwa bonde lingine.

Mto haufanyi hivyo. Wageni wanafika, machifu wanabadilika, mji unaitwa Elisabethville kisha Lubumbashi, lakini kijito ambacho mama yako alichotea maji kinabaki na jina lake. Ramani za Wabelgiji zimejaa majina ya vijito, hata vile vidogo ambavyo simu haivijui.

Nkambo mdogo akafumba macho. Akataja vijito vitatu, kwa mpangilio, kama mtu anayetembea. Cha kwanza unakivuka ukitoka. Cha pili kina mawe. Cha tatu ndicho mpaka wa mashamba ya mama yao.

Kisha akaongeza neno ambalo sikuliomba.

«Mama alikuwaka anasema, kule busiku bantu balikuwa banasikia mayi inalia. Mayi ya kuanguka. Kama upepo ikitoka kule, mutoto analala bila kumubembeleza.»

Sentimita tatu na nusu

Nilirudi nyumbani na vijito vyangu vitatu.

Vyote vitatu viko upande wa kushoto wa Lufira, mbali sana na Luapula. Kati ya cha pili na cha tatu kuna nukta, na pembeni yake jina la kijiji chetu, limeandikwa kwa herufi ambazo nisingeziwaza kamwe: L mahali pa R, na «ou» mahali pa «u». Nilikuwa nimelipita mara ishirini.

Nikatafuta maji yanayoanguka. Juu kidogo kwenye karatasi, Lufira inakatwa na vistari vifupi, na pembeni imeandikwa chutes Cornet. Ni maporomoko ya Mwadingusha. Nikachukua rula. Kwenye kipimo kile sentimita moja ni kilomita mbili. Kutoka kwenye nukta hadi kwenye vistari ni sentimita tatu na nusu.

Kilomita saba. Usiku mtulivu, upepo ukitoka kule, inasikika.

Nilikaa kitini sikusogea. Kumbukumbu ya mwanamke aliyekufa kabla sijazaliwa, iliyobebwa na binti yake asiyeona vizuri, ilikuwa imekaa juu ya kazi ya mpimaji wa Kibelgiji ambaye hakujua kwamba mwanamke huyo yupo. Na zimelingana.

Kisha nikataka kujua leo pale pana nini. Kuna programu ya bure, QGIS, inayokuruhusu kulaza ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti. Unachagua mahali ambapo hapajahama, unapabandika pande zote mbili, na karatasi inajinyoosha. Nilitumia daraja la reli kwenye Lufira huko Kapolowe, makutano ya mito, na vilele vya milima. Usitumie vijiji. Tumia angalau pointi sita, na uziweke pembe zote, maana ukizirundika upande mmoja upande wa pili unapinda.

Karatasi ikanyooka. Nukta yetu ikatua.

Ikatua juu ya bluu.

Maji yalipanda polepole

Watu wa Likasi na Lubumbashi wanalijua ziwa la Tshangalele, angalau kwa samaki wake. Mimi mwenyewe nimekula samaki wa pale tangu utoto. Nilijua pia, kama kila mtu anavyojua, kwamba umeme wetu unatoka Mwadingusha. Sikuwahi kuweka mambo haya mawili pamoja na nkambo.

Union Minière ilihitaji nguvu za umeme kwa ajili ya viwanda vyake vya shaba, ikajenga ukuta kwenye Lufira, juu ya maporomoko. Kituo kilianza kazi mwaka 1930. Bonde lilikuwa tambarare, kwa hiyo maji yalipozuiwa hayakwenda juu, yalitandaa. Ndiyo maana ziwa ni pana na kina chake ni kifupi.

Nilimuuliza nkambo mdogo. Naye hakuwa amezaliwa bado, lakini alilisikia kwa mama yake.

«Hakukuwa muntu alitufukuza na fimbo. Mayi ilikuja polepole. Leo iko pa shamba, kesho iko pa jiko. Kuku banatangulia, bantu banafuata.»

Walifuata hadi juu, kando ya njia, upande wa milima. Wakajenga upya, wakakiita kijiji jina lile lile, kwa kuwa chifu alikuwa yule yule. Kwenye ramani ya miaka ya 1950 nilikikuta hapo, kilomita kumi na tano hivi kutoka pale pa zamani. Na karibu na ufuko wa ziwa, mahali nukta ya kwanza ilipokuwa, pana herufi tatu na alama ya kufupisha mbele ya jina: anc.

Ancien. Cha zamani.

Nkambo alizaliwa katika kijiji cha pili. Mama yake alizaliwa katika cha kwanza, ule upande wa maji yanayolia. Hata sauti yenyewe ilipungua, kwa sababu mto uliingizwa kwenye mabomba kuendesha mashine.

Basi usiku ule wa kilio, wote watatu walikuwa wanasema kweli. Lufira ni kweli. Mlimani kando ya njia ni kweli. Chini ya maji ni kweli. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande alichopewa, na mjomba, kwa kukosa namna ya kuviunga, akaandika mahali ambapo hakuna kati yao aliyepataja.

Kabla sijaituma

Nilichora kila kitu kwenye karatasi moja safi. Kisha nikakaa nayo siku kumi bila kuituma kwenye kikundi cha familia.

Anayeishi Katanga ataelewa. «Kwenu ni wapi?» ni swali ambalo hapa limewahi kuua. Nilikuwa mtoto mwaka 1992, wakati watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa Likasi, kisha Kolwezi. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na vyombo vyao, wakingoja treni, na wengine walifia hapo hapo. Wengi wao walizaliwa Katanga, na baba zao walizaliwa Katanga, kwa sababu Union Minière ndiyo iliyowaleta babu zao kwa kandarasi ikawapa nyumba kambini. Majirani zetu waliondoka na godoro na cherehani. Binti yao alikuwa rafiki yangu. Sijui treni lile lilimfikisha wapi.

Nikajiuliza: karatasi yangu itatumiwaje? Ramani inayosema «sisi tulikuwa hapa kabla ya ziwa» inaweza kukunjwa ikawa fimbo. Kesho mtu wa ukoo atasimama nayo mbele ya wavuvi, na wengi wa wavuvi hao wametoka mbali, atawaambia maji haya ni yetu.

Nikarudi kuitazama ile ramani ya kwanza, na nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka. Kwetu ukoo hufuata mama, kama kwa watu wengi wa kusini mwa Katanga, na mwanamume akioa huwa anakwenda kukaa kwa wakwe. Majina yote pembeni ya nukta ni ya machifu wanaume. Nkambo mwanamume aliandikiwa kijiji cha mke wake kwa sababu ndiko alikokuwa akihesabiwa. Yeye alitoka kwingine, na huko kwingine ramani haisemi, na watu wa kule nao walikuwa wageni walikotoka. Katika karatasi nzima hakuna jina la mwanamke hata mmoja, na wanawake ndio wanaobeba ukoo wetu.

Nukta ile haiwezi kuthibitisha kwamba mtu fulani ni mwenyeji na mwingine siye. Inathibitisha kwamba mpimaji alipita, akauliza mkubwa wa hapa ni nani, akaandika.

Nilituma karatasi pamoja na maneno hayo, yote, bila kufupisha. Mjomba alijibu siku mbili baadaye: «Tumesoma.»

Kapolowe, kiangazi

Mwezi wa nane nilichukua basi, kisha pikipiki. Mvuvi mmoja alikubali kunivusha kwa mtumbwi wake hadi pale simu ilipokuwa inaonyesha nukta. Hakuuliza kwa nini. Alipiga kasia kimya, maji yakiwa ya rangi ya udongo, matete yakitusugua pande mbili.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za ramani. Nilipomwambia asimame, akaangalia huku na huku, akasema: «Haa, unataka ku —» na akataja jina.

Jina la kijiji chetu.

Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema wavuvi wote wanapaita hivyo, hapo ndipo pa kutega nyavu ikifika kiangazi. Yeye alizaliwa upande wa Manono, alilikuta linaitwa hivyo. Kuna mtu anajua maana yake? Hapana. Ni jina la maji tu.

Akachovya kasia wima hadi likagusa chini, akanionyesha unyevu ulipoishia. Chini kidogo ya kiuno chake.

Msalaba

Wiki iliyopita tulikwenda makaburini kusafisha, nkambo mdogo tukamketisha kwenye kiti cha plastiki kivulini. Mchoraji alikuja na kopo lake la rangi nyeupe. Tulikuwa tumekubaliana: neno Likasi lifutwe, liandikwe jina la mto. Jina la kijiji linabaki kwa wazee, lakini mto ni wa wote.

Alipofuta, akageuka. «Niandike Lufira na R, ao Lufila na L?»

Mjomba akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa makaratasi. Nilikuwa na jibu. Ramani ya kwanza ina moja, buku ya kazi ina nyingine, na serikali ya leo inaandika R.

«Nipe mukono,» nkambo mdogo akamwambia mchoraji. Akamshika kiganja, akalitamka polepole, mara mbili, sikio la kijana likiwa karibu na mdomo wake.

«Lufila. Andika vile minasemaka.»

Akaandika.